Kununua Gari Bila Kusukumwa: Yanayotokea Mbele ya Muuzaji

Parokia yetu ilipotimiza lengo la mchango wa gari, baada ya miaka 4 ya harambee, mavuno na sadaka za pekee za Jumuiya Ndogo Ndogo, Halmashauri ya Walei iliteua watu watatu kwenda Dar es Salaam kulinunua. Mmoja alikuwa katekista mwenye umri wa miaka 60 na ushei. Wa pili mama wa WAWATA ambaye ndiye mweka hazina. Wa tatu mimi, niliyedhaniwa kuyajua magari kwa sababu tu nimewahi kumiliki pikipiki. Gari lilikusudiwa kuvifikia vigango 5, viwili kati yake vikiwa ng'ambo ya mto ambao wakati wa masika pikipiki haithubutu kuuvuka. Fedha zile zilikuwa na majina ya watu: bibi aliyetoa debe la mahindi, vijana waliobeba mawe ya ujenzi ili ujira wao uingie katika mfuko. Na bado, saa kumi kasorobo alasiri ya siku ile, tulikuwa tumeinama juu ya meza kutia saini kwa ajili ya gari ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amechungulia chini yake.

Ni vema kulieleza jambo hili hatua kwa hatua, kwa kuwa hatukuwa wajinga, wala kijana aliyetuhudumia hakuwa jambazi. Alitupokea kwa adabu zote. Alimwita katekista "mzee wangu" na mweka hazina "mama", akatuletea soda baridi na viti kivulini. Katika maongezi ya kawaida akauliza mambo mawili: tumetoka wapi, na tunaondoka lini. Tulimjibu kwa uwazi kwamba tumetoka mbali, na kwamba tumekwisha kukata tiketi za basi la alfajiri. Kwa jibu hilo tulikuwa tumemkabidhi saa yetu. Tangu hapo kila jambo lilikwenda polepole: ufunguo ulitafutwa nusu saa, nyaraka zilikuwa "kwa bosi", bosi alikuwa "njiani". Ilipofika saa nane kasi ikabadilika ghafla. Simu iliita, kijana akazungumza kando kidogo, akarudi na uso wa masikitiko: kuna mteja mwingine ametoka benki na anakuja kulilipia gari lile lile. "Mzee wangu, nawaambieni kama wazazi wangu, gari hili halilali hapa leo."

Yawezekana mteja huyo alikuwapo. Mnunuzi hana njia ya kujua, na hapo ndipo nguvu ya maneno hayo ilipo. Mtu anayeogopa kukosa huacha kuuliza kama kitu ni kizuri. Huuliza tu kama atakiwahi. Ndipo likatajwa lile neno kishika uchumba: tutoe shilingi 2,000,000 ili gari lisiuzwe, mengine yatafuata. Hakuna aliyesema kama fedha hizo zingerudishwa iwapo fundi angelikataa gari, na kwa aibu hatukuuliza.

Kabla ya kumlaumu muuzaji yafaa kufahamu anavyoishi. Wengi wa wauzaji wa magari hawategemei mshahara, bali kamisheni kwa kila gari linalotoka getini; wiki isiyo na mauzo ni wiki isiyo na kodi ya nyumba. Dalali wa mtaani hali yake ni tete zaidi, na malipo yake mara nyingi hutokana na kile kinachoitwa "cha juu". Mwenye gari amemwambia anataka shilingi 14,000,000. Dalali anakutajia 16,500,000. Tofauti ya 2,500,000 ni yake. Hapo utaelewa kwa nini dalali anayekutembeza kutwa nzima, akikubebea mwavuli na kukushauri kama ndugu, hawezi kuwa mshauri wako katika bei. Si kwamba ni mtu mbaya. Kila shilingi unayopunguza inatoka mfukoni mwake. Mshauri lazima awe mtu mwingine, na ni haki umlipe wewe mwenyewe.

Mashinikizo yenyewe si mengi, na ukishayaona mara moja utayatambua popote. Ukarimu ni mojawapo. Kwetu sisi aliyekunywa cha mtu huona haya kuondoka mikono mitupu, na muuzaji aliyezaliwa katika desturi hizo hizo analijua hilo. Soda ni soda. Shukuru, unywe, uondoke ukitaka. Jingine ni "bosi" asiyeonekana. Kijana anakubali bei yako kwa furaha, anaingia ofisini, anatoka akisema bosi amekataa lakini amembembeleza, ongeza kidogo tu. Wewe umekwisha kutaja ukomo wako, ilhali upande wa pili haujataja wake. Mtu wa kuzungumza naye bei ni yule mwenye mamlaka ya kuikubali, na ni halali kusema hivyo tangu mwanzo. Jingine ni kuaibishwa: "Kama fedha hazitoshi semeni tu, tuwaonyeshe magari ya kawaida." Sentensi hiyo imewagharimu baba wengi wa familia kuliko bei yenyewe.

Lipo shinikizo linalokuja kwa sura ya msaada, nalo linahitaji hesabu. Mnunuzi wa mkopo huulizwa, "Kwa mwezi unaweza kurejesha kiasi gani?" Swali ni la upole, lakini linaificha bei. Tuseme gari linauzwa shilingi 15,000,000 taslimu. Ukirejesha 650,000 kila mwezi kwa miezi 36, utakuwa umelipa 23,400,000. Ukilalamika kwamba ni nyingi, utaambiwa ulipe 500,000 tu, ila kwa miezi 60. Utarudi nyumbani umefarijika, na utakuwa umekubali kulipa 30,000,000, yaani magari mawili kwa kupata moja ambalo wakati huo litakuwa limechakaa. Anayekopa aulize kwanza jumla yote atakayolipa hadi mwisho, na aandikiwe. Ada ya mkopo, bima kubwa ambayo wakopeshaji wengi huidai, na adhabu ya kuchelewa viwemo katika jumla hiyo.

Suala la kushinikiza mnunuzi ni la kale, na Kanisa lilikwisha kulitafakari wakati vyombo vya usafiri vilipokuwa na miguu minne. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alitenga swali zima la Summa Theologiae, swali la 77 la Sehemu ya Pili ya Pili, kwa ajili ya udanganyifu katika kuuza na kununua. Mfano wake ni farasi. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei inavyostahili, kwa sababu mnunuzi ana macho ya kuiona. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima aiseme: ndivyo ilivyo kwa farasi kilema anayeuzwa kama mwenye mbio, au nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kama imara. Badala ya farasi weka gari ambalo breki zake zinashika baada ya kukanyagwa mara tatu, halafu waza ng'ambo ya ule mto wetu.

Katika swali hilo hilo Thoma anagusa jambo linalotuhusu zaidi. Ikiwa mnunuzi anakihitaji kitu mno, na muuzaji hapati hasara ya pekee kwa kukitoa, muuzaji hana haki ya kuongeza bei kwa sababu ya hitaji hilo, kwa kuwa faida hiyo inatoka katika hali ya mnunuzi na si katika mali ya muuzaji. Hawezi kuuza kisicho chake. Basi letu la alfajiri halikuwa mali ya yadi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 2409, inahesabu kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako kuwa ni kinyume cha amri ya saba. Na ili wanunuzi tusijione watakatifu, Thoma anamfunga mnunuzi pia: anayeuziwa dhahabu na mtu anayedhani ni shaba nyekundu hana haki ya kunyamaza na kuondoka nayo. Kitabu cha Mithali, 20:14, kinamjua vizuri mteja anayeponda bidhaa akiwa dukani, kisha akajisifu akifika njiani. Kumwambia muuzaji kwamba yadi ya pili wameshusha bei, wakati hujafika yadi ya pili, ni uongo kama uongo wake wa mteja aliye njiani.

Nguvu ya kukataa haitokani na ukali wa sauti. Inatokana na mambo uliyoyafanya kabla ya kufika. La kwanza ni kujua bei. Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa Tanzania yanatoka Japani, na gharama ya kuyaingiza si siri. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo katika tovuti yake: unaweka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, unaonyeshwa kodi zake. Humo mna ushuru wa forodha wa 25%, kodi ya ongezeko la thamani ya 18%, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaliruhusu, ila linatozwa zaidi. Ukijumlisha kodi hizo na bei ya gari huko Japani pamoja na usafirishaji wake, utapata kiwango cha kusimamia. Halafu ukitajiwa bei yadini, uliza jambo moja ambalo wengi husahau: je, bei hiyo ni pamoja na usajili, au gari bado halina namba?

La pili ni fundi. Mchague mwenyewe, umlipe mwenyewe, naye awe hana undugu wala urafiki na yadi. Mwambieni muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika, kwa maana injini iliyopashwa moto huficha mengi; ni ile ya baridi inayosema ukweli inapowaka. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto huashiria maji yanaingia yasipotakiwa, na utandu wa rangi ya maziwa ndani ya kifuniko cha oili husema hivyo hivyo. Redio izimwe wakati wa kujaribu gari. Muuzaji anayepandisha muziki huenda anapenda muziki, huenda kuna bushi au gia anayoifunika. Boneti ikifunguliwa, tazameni vichwa vya skrubu zinazoshika mabawa ya mbele: rangi iliyokwaruzwa hapo huonyesha kwamba kuna kilichofunguliwa na kurudishwa. Namba 4 zilizochapwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivi kwamba 3419 ni wiki ya 34 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kutembea kilomita 60,000 lakini pedali ya breki imelika hadi chuma kuonekana linajipinga lenyewe, na kurudisha nyuma kilomita za dashibodi ni ufundi wa siku nyingi. Kwa gari lililonunuliwa mnadani Japani, ombeni karatasi ya mnada. Hutolewa alama kama 3.5, 4 au 4.5 kwa hali ya gari. Herufi R mahali pa alama humaanisha gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, ila bei yake haiwezi kuwa ya lile lisiloguswa. Namba ya chasisi iliyo katika karatasi ilingane na ile iliyogongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu.

La tatu ndilo lililotuokoa sisi, na halikuwa wazo langu. Kabla hatujaondoka parokiani mweka hazina alisisitiza liandikwe katika kumbukumbu za kikao: hakuna fedha itakayotoka, hata ya kishika uchumba, kabla ya taarifa ya fundi yenye saini zetu wote watatu. Wakati ule niliona ni urasimu wa akina mama wa hazina. Saa ile ya kumi kasorobo, kalamu ikiwa mkononi mwa katekista, mama yule alitoa karatasi mkobani, akaisoma kwa sauti ya utulivu, akasema, "Mwanangu, sisi tumetumwa. Fundi wetu aje kesho asubuhi, tutalipa." Uso wa kijana ukabadilika. Alisema fundi wa nje haruhusiwi kugusa magari ya yadi ile, kwamba tunamdharau, kwamba fursa kama hii haiji mara mbili. Mama akashukuru kwa soda, akasimama. Tulimfuata, mimi nikiwa na hasira kidogo naye, nikiamini tumelipoteza gari.

Sharti la namna hiyo linafaa hata kwa mtu mmoja anayenunua gari la nyumbani. Mume na mke wakubaliane nyumbani juu ya bei ya juu kabisa na juu ya usiku mmoja wa kulala kati ya kuliona gari na kulilipia, wakaandika. Anayebaki peke yake mbele ya muuzaji hulazimika kutafuta sababu ya kukataa, na kila sababu atakayoitoa itajibiwa: rangi itapigwa, bei itapungua, tairi zitabadilishwa. Anayesema "nyumbani tumekubaliana hivi" hatoi sababu ya kubishaniwa. Wala haihitajiki ghadhabu. "Ahsante, sitanunua leo" ni sentensi kamili. Muuzaji mstahivu ataipokea na kukupa namba yake ya simu. Anayekuzuilia ufunguo wa gari lako ulilokuja nalo kwa mabadilishano, au kitambulisho chako, amekwisha kutoka katika biashara. Hapo usijadiliane, dai vitu vyako kwanza.

Wengine hufarijika kwamba sheria itawatetea baadaye. Itawatetea kwa kiasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inadai ridhaa iwe huru. Iliyopatikana kwa kulazimishwa, kwa ushawishi usiofaa, kwa hila au kwa maelezo yasiyo ya kweli humpa aliyeonewa nafasi ya kuuvunja mkataba. Tume ya Ushindani nayo, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji waliopotoshwa. Lakini kuharakishwa kwa maneno matamu si kulazimishwa, na majuto peke yake hayavunji mkataba. Tena sheria hiyo ya mikataba haimpi nafuu ile ile mtu ambaye, kwa uangalifu wa kawaida, angeweza kuugundua ukweli wakati anauziwa. Mahakamani utaulizwa kwa nini hukumpeleka fundi. Kwa hiyo ahadi za muuzaji, kama kweli anazimaanisha, ziingie katika mkataba wa mauziano: kwamba gari halijagongwa, kwamba gia zimetengenezwa, kwamba kishika uchumba kitarudishwa fundi akilikataa. Anayeahidi kwa kinywa na kukataa kuandika amekupa jibu.

Na nyaraka. Jina lililo katika kadi ya gari liwe la mtu aliye mbele yako, pamoja na kitambulisho chake. Kama ni la mwingine, mwingine huyo apatikane. Kadi halisi, si nakala, kwa maana kadi inaweza kuwa imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Deni la faini za barabarani hutazamwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na ushuru wa maegesho vivyo hivyo. Ukishanunua, anayesimamishwa barabarani ni wewe. Malipo yapite benki, kwenda kwenye akaunti ya mwenye jina katika kadi, na kamwe si kwa dalali. Ada ya dalali, kama mlikubaliana, ilipwe peke yake kwa stakabadhi.

Wiki moja baada ya safari ile, katekista alipiga simu yadini kutaka kujua tu. Gari lilikuwapo bado. Kijana alimkumbuka, akamwita mzee wangu, akasema kuna mteja anakuja jioni.

Tulilipata gari letu wiki ya tatu, kwa mtumishi mstaafu aliyekuwa analitunza mwenyewe. Alitueleza kabla hatujauliza kwamba shokapu za nyuma zimechoka na kwamba kiyoyozi hakifanyi kazi, akapunguza bei kwa ajili ya hayo. Fundi wetu alikaa chini ya gari saa moja na nusu. Alipata hayo mawili pamoja na uvujaji mdogo katika rejeta, ambao mzee yule hakuwa ameujua. Tulilala juu ya taarifa hiyo usiku mmoja. Asubuhi mweka hazina alikwenda benki pamoja na muuzaji, kisha wote wanne tukaenda TRA kushughulikia uhamisho wa umiliki siku ile ile, ili jina la zamani lisibaki katika kadi. Tulipokuwa tunaagana, katekista aliuliza kuhusu ufunguo wa akiba. Mzee akajipigapiga mifukoni, akacheka, akarudi nyumbani kwake kuufuata.